Tanuri na Mzani: Historia ya Kugeuza Plastiki kuwa Mafuta

Pirolisisi, yaani kuvunja maada kwa joto kali pasipo oksijeni, ni kongwe kuliko plastiki yenyewe, kwa kuwa mchoma mkaa anayefukia magogo kwa majani na udongo ili yasiwake moto hufanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1860 mkemia Mwingereza Greville Williams alipasha joto mpira wa asili, akapata kimiminika chepesi alichokiita isoprini, ingawa ilibidi kungoja hadi 1920 ndipo Hermann Staudinger akaeleza kwamba vitu kama mpira huo ni minyororo mirefu ya molekuli.

Polithini, aina ya plastiki, iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI huko Winnington, Uingereza, lakini kwa miongo kadhaa wachache walijali hatima yake, hadi mafuta yalipopanda bei mwaka 1973. Katika miaka hiyo Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky wa Chuo Kikuu cha Hamburg, ambao pia waligundua vichocheo vilivyoboresha utengenezaji wa plastiki, walitafiti namna ya kuivunja. Plastiki hupitisha joto kwa shida na ikiyeyuka hung'ang'ania ukutani, hivyo walitumia tanuri lenye mchanga wa moto uliopulizwa gesi kutoka chini mpaka ukatokota kama uji, na kila kipande kilichotumbukizwa humo kikapata joto kwa haraka na kwa usawa.

Kutoka maabara hadi kiwandani njia ilikuwa ngumu. Kiwanda cha majaribio cha kampuni ya kemikali ya BASF huko Ludwigshafen, Ujerumani, chenye uwezo wa tani 15,000 kwa mwaka, kilianza mwaka 1994 na kufungwa mwaka 1996, kwa kuwa hapakuwa na uhakika wa kupata taka za kutosha kwa masharti yaliyolipa. Taka zenyewe nazo ni mchanganyiko usiotabirika: PVC, plastiki ya mabomba, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayokula chuma, PET ya chupa za maji hutoa asidi zinazoganda na kuziba mirija, polithini hutoa mafuta au nta kulingana na joto na muda wake tanurini.

Kwa hiyo swali zito halikuwa namna ya kuvunja plastiki, bali namna ya kujua mapema kitakachotoka. Msingi wa jibu uliwekwa na Svante Arrhenius, ambaye mwaka 1889 alieleza kwa mlinganyo jinsi joto linavyoharakisha mmenyuko wa kikemia. Mwaka 1915 Kotaro Honda wa Japani alibuni mzani unaopima kitu kikiwa ndani ya tanuri, na leo miligramu chache za plastiki hupimwa vivyo hivyo huku uzito wake ukipungua. Mwaka 1965 Takeo Ozawa alionyesha kwamba, kipimo hicho kikirudiwa kwa kasi tofauti za upashaji joto, nishati inayohitajika kuanzisha mmenyuko huweza kukokotolewa bila kukisia kwanza hatua zake.

Sasa kazi hiyo inasaidiwa na mitandao ya neva bandia, programu zinazojifunza kutokana na majaribio yaliyopita na kukadiria kiasi cha mafuta, gesi na mabaki magumu. Uwezo wake ni mkubwa, lakini mtandao hujua kile tu ulichoonyeshwa: uliofundishwa kwa chembe safi za kiwandani utakosea mbele ya gunia la jalalani lenye tope, mabaki ya chakula na lebo za karatasi.