HISTORIA: Umeme wa Lualaba ulifuata shaba, waya wa reli ukaishia Mutshatsha

KASAJI – Treni ikitoka Kolwezi kuelekea magharibi, waya wa umeme unaishia Mutshatsha. Kutoka hapo, kupitia Kasaji mpaka Dilolo kwenye mpaka wa Angola, reli haina waya, na kichwa cha treni kinakula mazuti. Kwa nini waya uliishia pale? Jibu liko katika historia ya mto Lualaba na ya shaba.

Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni iliyeyusha shaba kwa moto. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kazi Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kikatumia njia nyingine. Mawe yanasagwa, shaba inayeyushwa ndani ya asidi, kisha umeme unapitishwa humo mpaka shaba inashikamana na mabamba. Kazi hiyo inataka umeme mwingi, usiku na mchana.

Ndiyo sababu bwawa la Mwadingusha lilijengwa juu ya mto Lufira na kuanza kutoa umeme mwaka 1930. Mwaka 1950 ukafuata mtambo wa Koni, chini kidogo kwenye mto ule ule. Halafu kampani ikageukia Lualaba. Nzilo, kaskazini ya Kolwezi, ilianza mwaka 1952, yenye nguvu ya megawati 108. Nseke ilianza mwaka 1956, yenye megawati 248. Wakati wa Wabelgiji mitambo hiyo miwili iliitwa Delcommune na Le Marinel.

Nzilo na Nseke zinatumia maji yale yale. Umeme mwingi hauwezi kuwekwa ghalani, lakini maji yanawekwa. Wakati wa mvua ziwa la Nzilo linajaa. Wakati wa kiangazi maji yanafunguliwa kwa kipimo. Yanashuka katika mabomba, yanazungusha mashine, yanarudi mtoni, kisha Nseke inayapokea na kuyatumia tena. Nzilo ikifunga maji, Nseke huko chini inayakosa. Ikifungua mengi mapema, Oktoba ghala linakuwa limepungua. Wafanyakazi wa mabwawa lazima wapatane kila siku na viwanda vinavyohitaji umeme.

Mteja wa kwanza alikuwa mgodi. Tangu mwaka 1956, umeme wa Nseke ulivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kabla bwawa la Kariba halijaanza kazi. Shaba ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na waya ukaifuata huko.

Uhuru ulipatikana mwaka 1960, na Katanga ikajitenga mpaka mwaka 1963. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampani iliyoirithi ndiyo Gécamines. Katika miaka ya 1970 Mobutu aliamua kuleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba alitaka pia swichi ya migodi ikae mkononi mwa Kinshasa. Wakati kazi hiyo ikiendelea, vita vikaja. Machi 1977 wapiganaji wa FLNC walitoka Angola, wakachukua Dilolo, Kasaji na Mutshatsha. Mei 1978 waliingia Kolwezi.

Laini ilimalizika mwaka 1982: kilomita karibu 1.700, kwa nguvu ya volti 500.000. Umeme wake ni wa mkondo mmoja usiogeuka. Kuutoa njiani kunahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, na vituo vilijengwa Inga na Kolwezi tu. Hivyo vijiji vingi viliona nguzo zikipita, taa za nyumbani zikabaki za petroli.

Siku hizi chini ya Nseke kuna bwawa la tatu, Busanga, lenye megawati 240, lililojengwa pamoja na mradi wa shaba wa Sicomines. Maji ya Lualaba sasa yanafanya kazi mara tatu, na mgodi bado uko mstari wa mbele.

Historia hii inawapa wakaaji wa Kasaji, Mutshatsha na Dilolo somo. Kila bwawa lilichorewa mteja wake kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mradi mpya wa umeme ukitangazwa, swali la kuuliza mapema, kabla ya nguzo kusimama, ni hili: nani ameandikwa kupokea umeme huo?