Mwanga wa Buluu wa Goiânia

Utotoni, mtaani kwetu, chuma chakavu kilikuwa pesa. Misumari iliyopinda, sufuria zilizotoboka, springi za vitanda: vyote vilipanda mzani vikashuka andazi. Ndiyo maana nikisoma habari za Goiânia, Brazili, siwezi kuwacheka wale vijana wawili.

Mwaka 1985 kliniki moja ya saratani ilihama, ikaacha mashine ya mionzi katika jengo lililokuja kuwa gofu. Septemba 13, 1987 vijana hao waliingia, wakang'oa kichwa cha mashine na kukisukuma nyumbani kwa toroli. Ndani mlikuwa na gramu 93 hivi za chumvi ya sesiamu-137.

Siku chache baadaye walikiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Usiku akaona mwanga wa buluu. Akadhani amepata kitu cha thamani, akawaita ndugu na majirani, akawagawia. Wapo waliojipaka mwilini kama pambo. Binti wa ndugu yake, mwenye miaka sita, alikula kwa mikono iliyokwisha kuuchezea unga ule.

Aliyeizuia balaa isienee zaidi ni mke wa mnunuzi. Hakuwa mtaalamu wa fizikia. Aliona tu kwamba watu wanaugua tangu kitu kile kiingie nyumbani. Septemba 28, yeye na mfanyakazi mmoja walikitia kwenye mfuko, wakapanda basi hadi ofisi ya afya. Kesho yake mwanafizikia akathibitisha kuwa ni mionzi.

Watu zaidi ya 112,000 walipimwa. 249 walikutwa na uchafuzi. Wanne walifariki katika majuma yaliyofuata, yule mama na yule mtoto wakiwamo. Mtoto alizikwa katika jeneza lenye risasi, huku umati ukipinga asizikwe pale, mawe yakirushwa.

Tukisikia usalama wa nyuklia, tunawaza magaidi na makombora. Goiânia hapakuwa na adui. Palikuwa na jengo lisilo na mlinzi, mashine isiyo na mwenyewe, na watu waliohitaji pesa.

Hospitali zetu nazo zina mashine za mionzi, na twazihitaji. Natamani siku ya kuzizindua, kabla ya utepe kukatwa, mtu amuulize mgeni rasmi: zikichakaa, ufunguo atakuwa nao nani?