Yoga inavyosaidia kupunguza maumivu ya mgongo

MAUMIVU ya kiuno na sehemu ya chini ya mgongo ni miongoni mwa matatizo ya kiafya yanayowasumbua watu wengi zaidi duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo mwaka wa 2020. Hakuna tatizo jingine linalowazuia watu wengi kiasi hicho kutekeleza shughuli zao za kila siku.

Dereva wa matatu anayeshinda kwenye usukani, karani anayeinamia meza kutwa na mama anayebeba kuni mgongoni, wote wamo hatarini. Wengi wao hukimbilia dukani kununua tembe za kutuliza maumivu. Hata hivyo, dawa kama vile ibuprofeni na diklofenaki, zikimezwa kila siku kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari, zaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Ndiyo maana mazoezi ya mwili, yakiwemo ya yoga, yanapewa uzito na wataalamu. Mnamo 2017, chama cha madaktari cha American College of Physicians nchini Marekani kilipendekeza kwamba mtu mwenye maumivu sugu ya kiuno aanze kutibiwa kwa njia zisizotumia dawa. Yoga ilikuwa miongoni mwa njia zilizotajwa.

Yoga ilianzia India maelfu ya miaka iliyopita. Jina lenyewe latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, kwani mazoezi haya huunganisha mwili, pumzi na fikira. Ingawa mizizi yake imo katika dini za India, madarasa mengi ya siku hizi hufunza mikao ya mwili, upumuaji na utulivu pekee. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka wa 2007, limewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga.

Uti wa mgongo husimama imara kwa kushikiliwa na misuli ya tumbo, mgongo na makalio, jinsi mlingoti wa jahazi unavyoshikiliwa na kamba. Mtu anapoketi kwa saa nyingi kila siku, misuli ya nyonga hukaza huku ile ya tumbo na makalio ikilegea. Mikao ya yoga hunyoosha misuli iliyokaza na kuipa nguvu iliyolegea.

Aidha, kuna faida ya pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika yoga hufunzwa kuvuta pumzi polepole hadi tumboni, jambo linalopunguza mapigo ya moyo na kuilegeza misuli iliyojikaza kutokana na wasiwasi. Hili ni muhimu kwa sababu mwenye maumivu huogopa kusogea, na kadiri anavyokaa bila kusogea ndivyo mgongo unavyozidi kukakamaa.

Utafiti uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2017 uliwahusisha watu 320, wengi wao wenye mapato ya chini. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya wale waliohudumiwa na wataalamu wa tibamaungo. Isitoshe, makundi yote mawili yalitumia dawa za maumivu kwa kiwango kidogo kuliko kundi lililopewa kitabu cha maelezo pekee.

Hata hivyo, yoga si muujiza. Uchambuzi wa tafiti 21, uliochapishwa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba nafuu inayopatikana ni ndogo, na haipishani sana na ya mazoezi mengine ya mgongo. Kinachomfaidi mtu ni kuyafanya mazoezi bila kukoma. Anayehudhuria darasa mara moja kisha akakaa mwezi mzima asitarajie mabadiliko. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za siku moja.

Anayeanza aweza kutandika mkeka sakafuni na kupiga magoti huku viganja vikiwa chini. Avutapo pumzi, aushushe mgongo taratibu na kuinua kichwa. Aitoapo, aupinde mgongo kuelekea juu kama paka anayejinyoosha. Kisha akalie visigino, ainame mbele na kunyoosha mikono, apumue polepole. Akihisi maumivu makali, aache mara moja. Ni bora siku za mwanzo aongozwe na mwalimu aliyehitimu.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kuanza. Hao ni pamoja na waja wazito, wazee wenye mifupa dhaifu, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na wenye ugonjwa wa glakoma, ambao hawafai kuinamisha kichwa chini kwa muda. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari wasiziache kwa sababu wameanza yoga.

Vilevile, zipo dalili ambazo haziponywi kwenye mkeka. Mtu mwenye maumivu ya mgongo anayekufa ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kuishiwa nguvu miguuni, akimbizwe hospitalini bila kukawia. Homa na kukonda bila sababu pia zahitaji uchunguzi wa daktari.

Kwa wengine wote ambao mgongo umekuwa ukiwasumbua kwa miezi, mkeka na dakika chache za kila siku ni gharama ndogo ikilinganishwa na tembe zisizokwisha.