Memphis, mji uliotupa kisha ukaokota

Memphis, katika jimbo la Tennessee, ilianzishwa mwaka 1819 juu ya genge la Mto Mississippi. Waanzilishi wake, akiwemo Andrew Jackson aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, waliipa jina la mji wa kale wa Misri uliokuwa kando ya Mto Nile. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya Elvis Presley na nyumba yake, Graceland. Si vibaya, lakini anayetaka kuujua mji wenyewe aiache Graceland mpaka mwisho, aanze na makumbusho yanayoshughulika na jambo moja tu: pamba, chuma, muziki wa soul, moteli moja. Mengi yamo katika majengo ambayo mji ulikwisha kuyachoka.

Pamba ndiyo mama wa yote. Soko la Pamba la Memphis lilianza miaka ya 1870, na jengo lake la sasa, Union Avenue jirani na Front Street, ni la miaka ya 1920. Katika ukumbi wake wanachama walikuwa wanaume Wazungu, wakiutazama ubao mkubwa wa bei ulioandikwa kwa chaki. Biashara ilipohamia kwenye simu na kompyuta, ukumbi ukafungwa mwaka 1978. Mwaka 2006 ukafunguliwa tena kama makumbusho, ubao ukiwa palepale ukutani.

Kazi iliyoulisha mji huu ilifanyika kwenye ncha za vidole. Robota moja lilikuwa na zaidi ya kilo 220, lakini mnunuzi hakuhangaika nalo. Alichukua sampuli ya kiganja kimoja, akaisogeza kwenye mwanga unaotoka kaskazini, ambao haubadilikibadiliki jua linapopanda, akatazama rangi na takataka. Kisha akabana kifungu kidogo kati ya vidole gumba na vya shahada, akavuta, akaunganisha, akavuta tena, mpaka nyuzi zikalala sambamba na urefu wake ukaonekana. Milimita mbili tatu zilitosha kupandisha au kushusha bei ya shehena nzima.

Pamba ya Kusini mwa Marekani ilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Viwanda vya Massachusetts viliifuma kuwa merikani, nguo iliyouzwa Zanzibar na kutumika kama fedha kwenye misafara ya kwenda bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 malighafi ikakatika, na nguo za Uingereza na India zikaingia kwa nguvu katika soko hilo. Ukumbi wa Memphis, hata hivyo, ulijengwa na madalali, na bado unazungumza kwa sauti yao. Mtu hutoka humo akimjua mnunuzi kuliko mchumaji.

Mto ulioleta fedha ulileta pia maradhi. Mwaka 1878 homa ya manjano ilipanda na meli kutoka New Orleans. Watu wapatao 25,000 walikimbia, na zaidi ya 5,000 wakafa. Mji ukafilisika, na mwaka uliofuata ukanyang'anywa hati yake ya kuwa mji. Robert Church, mtu Mweusi aliyezaliwa utumwani, alinunua ardhi wakati wenzake wakiuza kwa bei ya kutupa, akatajirika, na baadaye akanunua hati ya kwanza ya mkopo iliyotolewa ili kuukwamua mji. Katika miaka ya 1880 ilijengwa hospitali ya mabaharia juu ya genge la mto, na baadhi ya majengo yake, yaliyokuja kuachwa matupu, mwaka 1979 yakafunguliwa kama Makumbusho ya Chuma. Wahunzi hufua humo mbele ya wageni, na mara moja kwa mwaka watu huleta vyuma vyao vilivyovunjika vitengenezwe. Milango yake imepambwa kwa maua ya chuma, kila ua limefuliwa na mhunzi wake, hakuna mawili yanayofanana.

Kampuni ya muziki wa soul ya Stax iliingia mwaka 1960 katika sinema ya zamani mtaa wa McLemore. Sakafu ilibaki na mteremko wa sinema, na wanamuziki waliamini kwamba mteremko huo ndio ulioipa sauti yao uzito wake. Weusi na Wazungu walipiga ala pamoja humo wakati mji wenyewe ukiwatenganisha. Kampuni ilifilisika mwaka 1975, na mwaka 1989 jengo likavunjwa. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2003 yamejengwa upya kwenye kiwanja kilekile. Anayepiga picha chini ya ubao wa jina anapiga picha ya nakala. Gari la mwanamuziki Isaac Hayes, Cadillac ya 1972 yenye mapambo ya dhahabu na zulia la manyoya meupe, ni lenyewe hasa.

Wanamuziki wa Stax walikuwa wakishukia Lorraine, moteli ya Walter Bailey na mkewe Loree, mojawapo ya sehemu chache ambapo Mweusi na Mzungu wangeweza kukaa meza moja. Wawili kati yao, Steve Cropper na Eddie Floyd, walitunga wimbo "Knock on Wood" humo. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijibanza nyuma ya lori lao kukwepa mvua, mtambo wa kushindilia taka ukawaponda. Wenzao wapatao 1,300 wakagoma, na mgomo huo ndio uliomleta Martin Luther King mjini. Aliuawa tarehe 4 Aprili kwenye roshani ya chumba namba 306. Loree Bailey alipata kiharusi na akafariki siku ya mazishi ya King.

Mwaka 1982 moteli ikanadiwa, ikanunuliwa kwa dola 144,000. Mwaka 1991 ikafunguliwa kama Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia. Mpangaji wake wa mwisho, aliyetolewa kwa nguvu mwaka 1988, aliweka meza ng'ambo ya barabara na kwa miongo kadhaa akawaambia wageni kwamba King angetaka fedha za makumbusho hayo ziwajengee maskini nyumba. Hoja yake haikosi uzito: wageni wanapita, majirani wanahamishwa.

Mto wenyewe umepoteza makumbusho yake. Yale ya Mud Island, yaliyofunguliwa mwaka 1982, yalifungwa mwaka 2018. Anayetaka kisa cha meli ya Sultana avuke daraja hadi makumbusho ya Marion, Arkansas. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 376, lakini ilipakia zaidi ya 2,000, wengi wao askari waliotoka kwenye magereza ya Kusini, kwa kuwa serikali ililipa kwa kila kichwa. Boila zilipasuka juu kidogo ya Memphis tarehe 27 Aprili 1865, na zaidi ya 1,100 wakafa. Magazeti yalikuwa bado yakishughulika na mauaji ya Rais Lincoln. Ofisa mmoja tu alishtakiwa, akatiwa hatiani, kisha hukumu yake ikafutwa.