Unataka kubadilisha pikapu za gitaa la umeme? Soma hii kabla hujatoa hela

Kwanza tuelewane: pikapu tunayoizungumzia hapa siyo ile gari inayobeba mkaa barabara ya Buhongwa. Ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya.

Hapa Nyegezi, ukianzia stendi ya mabasi mpaka kule Malimbe kilipo chuo cha SAUT, magitaa ya umeme siyo kitu cha kutafuta kwa tochi. Yapo makanisani, yapo kwa wanachuo, yapo kwenye bendi za harusi. Mengi ni ya bei ya chini au yameshapita mikono mitatu minne. Na karibu kila mwenye nalo kuna siku hufika akasema, "Hili gitaa linavuma sana, ngoja nibadilishe pikapu."

Ngoja kwanza. Seti ya pikapu zenye jina inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Ukiagiza Dar au mtandaoni, ikaja haiingii kwenye tundu, au ikaingia na mvumo ukabaki palepale, hela imekwenda. Na kama ilikuwa michango ya kwaya, andaa maelezo ya kumpa mweka hazina.

Inavyofanya kazi

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, unene wake kama milimita 0.06, mwembamba kama unywele. Ile ya gitaa aina ya Stratocaster huwa na mizunguko kama 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga nguvu ya sumaku, na umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, ndiyo inayoendesha hata jenereta.

Ndiyo maana gitaa la nyuzi za nailoni halifai kwa pikapu ya sumaku. Sumaku haioni nailoni. Hata zile nyuzi za rangi ya shaba za gitaa kavu hutoa sauti dhaifu, kwa sababu kinachosikika ni ule uzi wa chuma wa ndani tu.

Sasa shida inaanzia hapa: koili ya waya haichagui. Inanasa nyuzi, lakini pia inanasa umeme unaopita ukutani, kwenye taa za tyubu na kwenye transfoma ya amplifaya. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na ule "mmmmm" mzito unaousikia kabla mchungaji hajaanza kuomba ndio huo.

Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliwasilisha ombi la hataza ya dawa yake: koili mbili badala ya moja, sumaku zikielekezwa kinyume na koili nazo zikiunganishwa kinyume. Sauti ya nyuzi inajumlishwa, mvumo unafutana. Pikapu hiyo ndiyo inaitwa hambaka. Gitaa la besi lilipata ujanja unaofanana mwaka 1957, Fender walipoigawa pikapu ya Precision Bass vipande viwili. Kwa hiyo kama besi lako la aina hiyo linavuma kupita kiasi, usiharakishe kuilaumu pikapu.

Jaribu haya kabla ya kununua

Washa amplifaya, shika gitaa, halafu jizungushe taratibu kama unatafuta mtandao wa simu. Mvumo ukipungua upande fulani na kuongezeka upande mwingine, basi unaingia kupitia koili. Hapo hambaka itasaidia kweli.

Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, tatizo kubwa ni ngao: tundu la ndani ya gitaa halijazibwa kwa karatasi ya metali iliyounganishwa na ardhi ya saketi, na mwili wako nao unaleta kelele. Utepe wa shaba ndiyo mzuri zaidi. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo inafanya kazi, ila aluminiamu haishiki risasi kirahisi, hivyo waya wa ardhi ubanwe kwa skrubu. Angalia pia isiguse sehemu zinazopitisha sauti, maana gitaa litakuwa bubu.

Ukigusa nyuzi na hakuna kinachobadilika, tazama kama waya unaotoka kwenye daraja (pale nyuzi zinapofungwa) umekatika. Mvumo ukiongezeka ukigusa, kuna waya uliounganishwa kinyume. Kumrekebishia mtu waya mmoja ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio yeyote mwenye pasi ya kulehemu.

Na ukigusa nyuzi halafu maikrofoni ikakupiga shoti mdomoni, acha kupiga. Usiseme "ni kawaida hapa kanisani". Hiyo siyo pikapu, ni ufungaji wa umeme ambao hauna ardhi, au amplifaya na mixa vinachukua umeme sehemu mbili tofauti. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani kule Swansea, Wales, kwa kugusa maikrofoni namna hiyo. Aitwe fundi umeme kwanza, muziki baadaye.

Kosa linalojificha kwenye mixa

Makanisa mengi madogo hayana amplifaya ya gitaa. Waya unatoka kwenye gitaa moja kwa moja mpaka kwenye mixa, na sauti inatoka nzito, imefunikwa, kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Hapo wengi huamini pikapu imechoka.

Mara nyingi haijachoka. Pikapu ya kawaida isiyotumia betri inataka kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Tundu la kawaida la mixa kwa vyombo kama kinanda linaweza kuwa na omu elfu kumi tu. Pikapu inalemewa, na sauti nyembamba za juu ndizo zinazopotea kwanza. Ukiweka pikapu mpya, nayo italemewa vilevile.

Kinachotakiwa ni kisanduku cha kati wanachokiita DI, cha kutumia umeme au betri, au mixa yenye tundu lililoandikwa Hi-Z. Hata pedali ya gitaa ikiwa imewashwa husaidia, kwa kuwa inapokea sauti kama amplifaya inavyopokea. Kwa maoni yangu, kama huna DI, hela ya kwanza iende huko.

Koili moja au hambaka?

Haya, umepima na kweli pikapu ndiyo tatizo. Inategemea unapiga nini.

Muziki wa kanda hii ya ziwa unapenda gitaa linalong'aa. Msikilize Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, aliyeupeleka muziki wa benga mbali na Shirati Jazz: kila noti inasikika peke yake, kavu, ya haraka. Wapigaji solo wa Kongo kwenye sebene nao wanataka noti zitengane. Kwaya nyingi za Mwanza zimechota kwenye kisima hichohicho. Sauti hiyo inapatikana vizuri kwa pikapu ya koili moja, au hambaka isiyo na nguvu nyingi.

Hambaka zenye nguvu kubwa zilianza kupata soko miaka ya 1970, na zilitengenezwa kwa ajili ya wapiga roki waliotaka amplifaya zao zikwaruze. Ukiipeleka kwenye sebene, noti zinagandamana, na mixa inawasha taa nyekundu kabla hujafika kiitikio. Najua nembo ya pikapu hizo inavutia machoni. Lakini kwa mpiga gitaa wa kwaya ni kununua pilipili kwa ajili ya chai.

Kama gitaa lako lina matundu matatu membamba na mvumo umekushinda, zipo hambaka zilizobanwa zikapata umbo la koili moja. Zinaingia palepale bila kuchonga mbao. Sauti yake ni nene kidogo kuliko ya koili moja halisi, ila kwenye ukumbi wenye taa za tyubu na jenereta nje, mimi ningezichagua bila kusita.

Zipo pia zinazotumia betri ya volti 9, maarufu zikiwa za EMG. Ziko kimya sana na hazilemewi na mixa. Ila betri ikiisha katikati ya ibada, umekwisha nayo, na waya ukiachwa umechomekwa kwenye gitaa inaendelea kulika usiku kucha. Halafu jihadhari na feki: nembo za EMG na Seymour Duncan zinaghushiwa sana.

Namba za omu zisikudanganye

Wauzaji wanapenda kutaja omu kana kwamba ni nguvu za farasi. Pikapu nyingi za koili moja zinasoma omu 5,500 mpaka 7,000. Hambaka za mtindo wa zamani 7,000 mpaka 9,000, na zile kali hupita 12,000. Lakini omu inapima waya tu. Waya mwembamba zaidi huongeza omu hata mizunguko ikiwa ileile, na sumaku haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Sumaku za alniko (mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti pamoja na chuma) huwa na sauti laini kiasi. Za seramiki ni za bei nafuu na mara nyingi kali zaidi.

Faida kubwa ya omu ni kujua kama pikapu ni nzima. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua volyumu mpaka mwisho, chagua pikapu moja, kisha pima kwa mita ya fundi kwenye ncha na shina la upande wa pili wa waya. Ikisoma elfu chache kama tulivyosema, ni nzima. Ikisoma karibu 250,000 au 500,000, koili imekatika na unachosoma ni kitufe cha volyumu tu. Ikisoma sifuri, kuna sehemu waya zimegusana. Kwa anayenunua gitaa la mkononi, kipimo hiki cha dakika moja kinaokoa hela.

Halafu igonge kidogo pikapu kwa kalamu huku amplifaya ikiwa wazi. Mguso mdogo ni kawaida. Ikidaka kama maikrofoni, nta haikujaa vizuri ndani ya koili, na ukisimama mbele ya spika itapiga mluzi.

Vipimo na rangi za waya

Pima umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza mpaka wa sita, juu ya pikapu ya upande wa daraja. Magitaa ya mtindo wa Fender huwa karibu milimita 52, ya mtindo wa Gibson karibu 50. Agiza inayolingana, nyuzi zikae juu ya vichwa vya sumaku. Kitufe cha volyumu nacho kina mwenzake: koili moja huenda na cha omu 250,000, hambaka na cha 500,000. Ukiweka hambaka kwenye cha 250,000 itasikika imefunikwa kidogo.

Rangi za waya ndipo mafundi wengi wanapopotea. Kwa Seymour Duncan yenye nyaya nne, nyeusi ndiyo inayopeleka sauti, nyekundu na nyeupe zinaungwa pamoja, kijani na ule usio na plastiki vinakwenda ardhini. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo inayopeleka sauti, nyeusi na nyeupe ndizo zinazoungwa pamoja, kijani na usio na plastiki ardhini. Ukichanganya kampuni mbili kwenye gitaa moja bila kuangalia, pikapu mbili zikiwashwa pamoja sauti inakuwa nyembamba, ya puani, besi zote zimeondoka. Pikapu hazijaharibika, zinapingana. Mwambie fundi abadilishane waya wa sauti na wa ardhi wa pikapu moja. Kama ina nyaya nne, ule usio na plastiki ubaki ardhini. Kama ina waya mmoja wenye ngao ya nje, usigeuze, mpaka ifunguliwe.

Zile za zamani piga picha zikiwa bado zimeunganishwa, halafu zitunze kwenye mfuko. Siku ukiuza gitaa unaweza kuzirudisha na kubaki na mpya.

Ikishafungwa, kuna kazi moja ya bisibisi. Bana uzi wa kwanza na wa sita kwenye fureti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Anza na milimita 2 upande wa daraja na karibu 3 upande wa shingo. Ikiwa juu mno, sumaku inavuta nyuzi na noti za juu zinayumba kama hazijatuniwa. Ishushe robo mzunguko wa skrubu, sikiliza, shusha tena.