Jiwe la Shinkolobwe na Vifua vya Wazee Wetu



Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi tunawatembelea wagonjwa wa jumuiya zetu. Siku moja tulimkuta baba mmoja mzee aliyefanya kazi machimboni kwa miaka 27, ambaye sasa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni pasipo kukaa njiani. Alikwisha kutibiwa kifua kikuu mara mbili, akameza dawa hadi mwisho mara zote mbili, na kikohozi hakikumwacha. Tukamwuliza: «Baba, waganga walikuuliza ulifanya kazi gani?» Akacheka kidogo kwa pumzi iliyombakia, akajibu: «Wanangu, waliniuliza kama ninavuta sigara.»

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Tunataka kukumbuka pamoja nanyi historia ya swali ambalo mzee wetu hakuulizwa, na kuona kwa nini kumpima afya mtu aliyekwisha kuacha kazi ni deni la haki, wala si sadaka.

Swali lenyewe ni la kale. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Georgius Agricola, mganga aliyeishi kati ya wachimbaji wa madini wa Ulaya ya kati. Alieleza jinsi vumbi la mawe linavyoingia mapafuni na kuyala; akasema kwamba katika milima ya Karpati walionekana wanawake walioolewa na waume saba, wote wakiwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Mwaka 1700 mganga Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Tangu zamani waganga walikuwa wakimwuliza mgonjwa anaumwa wapi, tangu lini, na alikula nini. Ramazzini aliwaomba waongeze swali moja: «Unafanya kazi gani?»

Mwaka 1879 waganga wawili Wajerumani, Härting na Hesse, waliandika kwamba wachimbaji wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo kikubwa kilikuwa radoni, hewa isiyoonekana wala kunusika, itokayo katika mawe yenye urani.

Magonjwa haya yana tabia moja tunayopaswa kuifahamu vizuri: hayana haraka. Silikosi, yaani ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe, mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi. Saratani huweza kungoja miaka 20 au 30, na madhara ya asbesto hata miaka 40. Tena vumbi lililokwisha kukaa mapafuni halitoki siku mtu anapopokea mshahara wake wa mwisho. Silikosi huweza kuendelea kukua hata mgonjwa akiwa nyumbani kwake, mbali na mgodi. Kwa hiyo kampuni inayowapima tu wale walio kazini huwaacha wengi ambao ugonjwa wao bado uko njiani.

Sasa turudi nyumbani. Karibu na Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji, kuna mahali panapoitwa Shinkolobwe. Madini ya urani yaligunduliwa pale mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1921 kampuni ya Union Minière iliyachimba ili kupata radiamu, iliyosafishwa katika mji wa Olen huko Ubelgiji. Radiamu hiyo ilitumika hospitalini kutibu saratani. Angalieni basi: jiwe lililochimbwa na babu zetu liliwatibu wagonjwa wa mbali, na vumbi lake likabaki kwa waliolichimba.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe, zikawekwa katika ghala huko Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua. Mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa tena, kwa siri kubwa. Zaidi ya nusu ya urani iliyotumika katika mpango wa Wamarekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka katika udongo wetu. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa, na dunia ikajifunza jina la mji huo. Jina la Shinkolobwe halikutajwa, na majina ya waliochambua mawe yale kwa mikono hayakutajwa kabisa.

Jiwe hilo liligusa mikono ya watu wa namna mbili. Kwanza walikuwa wachimbaji wa Katanga. Kisha walikuwa wafanyakazi wa Marekani: wale wa kiwanda cha Mallinckrodt katika mji wa St. Louis, kilichoanza kusafisha urani mwaka 1942, na wale wa mitambo mikubwa ya Oak Ridge na Hanford. Hawa nao, wengi wao, hawakuambiwa ni kitu gani walichokuwa wakikishika. Waliambiwa wanyamaze na wafanye kazi kwa ajili ya nchi yao, na wakanyamaza kwa miaka mingi.

Lakini vita baridi vilipokwisha na mitambo ikaanza kufungwa, ukimya huo ulivunjika. Katika sheria iliyopitishwa mwaka 1992, bunge la Marekani liliagiza serikali iwatafute wafanyakazi wa zamani wa mitambo ya silaha za nyuklia na kuwapima afya. Kuanzia mwaka 1996 programu za uchunguzi zilianza kazi.

Uchunguzi huo hufanyika hivi. Mtu haanzii kwenye mashine. Anaanza kwa kuhojiwa. Anaulizwa alifanya kazi katika jengo gani, miaka gani, alishika nini, alivuta vumbi gani. Mara nyingi anayemwuliza ni mfanyakazi mwenzake wa zamani, anayezijua nyumba zile na lugha ya kazi ile. Ndipo mganga anamkagua, anapigwa picha ya kifua, ambayo sisi huiita radio, na picha hiyo inasomwa na mganga aliyefundishwa kutambua alama za vumbi. Anapuliza katika chombo kinachopima nguvu za mapafu. Masikio yake yanapimwa. Na ikiwa alifanya kazi penye madini ya berili, damu yake inachunguzwa. Hatoi malipo yoyote, anapewa matokeo yake mwenyewe kwa maandishi, na anaweza kurudi kila baada ya miaka mitatu, maana asiyeonekana mgonjwa leo aweza kuonekana kesho.

Mwaka 2000 sheria nyingine iliweka fidia kwa waliougua. Na kuna jambo moja ambalo sisi tuliosomea ualimu hatuwezi kulipita bila kulitia alama. Wafanyakazi wengi wa zamani wa Mallinckrodt waliugua saratani, lakini kumbukumbu za zamani hazikutosha kuonyesha kila mmoja alipata mionzi kiasi gani. Mwaka 2005 serikali iliwaingiza wengi wao katika kundi maalumu: mwenye saratani iliyotajwa katika sheria hakutakiwa tena kuthibitisha kipimo ambacho hakuna aliyekiandika vizuri. Kosa la kutoandika halikutwishwa mgonjwa.

Sheria hiyo ni ya Wamarekani, haifiki Shinkolobwe. Jiwe ni moja, lakini waliolisafisha waliitwa warudi kupimwa, na waliolichimba hawakuitwa. Hatusemi hivi ili kuamsha chuki. Tunasema ili mjue kwamba uchunguzi wa namna hii si ndoto: umefanyika, kwa ajili ya watu walioshika jiwe letu wenyewe.

Wala msidhani kwamba ni jambo la nchi za mbali tu. Afrika ya Kusini ina sheria ya mwaka 1973 inayowapa waliofanya kazi migodini haki ya kupimwa mapafu hata baada ya kuacha kazi. Lakini wachimbaji wengi wa dhahabu walikuwa wametoka Lesotho, Msumbiji na vijiji vya mbali, wakarudi huko na kifua kilichojaa vumbi, wasijue haki yao wala kuwa na nauli ya kuifuata. Ilihitajika kesi kubwa mahakamani, na mapatano yaliyokubaliwa mwaka 2019, ili kazi ya kuwatafuta wenye silikosi ianze kwa upana. Sheria isiyomfikia mtu kijijini kwake ni kama kengele inayopigwa mahali pasipo na masikio.

Na sisi je? Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1960, lakini wachimbaji wa mikono waliurudia wakitafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 serikali ilikataza kuchimba pale; mwezi wa Julai mwaka uleule sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi wao ni baba na babu zenu. Walihesabiwa siku ya kulipwa. Nani atawahesabu siku ya kukohoa?

Katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, ya mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mfanyakazi astahili matibabu yaliyo karibu naye, ya bei ndogo, na ikiwezekana ya bure. Fundisho hilo linaihusu serikali na kampuni kwanza, nasi hatuna budi kuendelea kuzikumbusha. Lakini liko jambo ambalo halingoji sheria.

Twaeni daftari. Keti na mzee wa nyumba yako, au wa jumuiya yako, umwulize: «Ulifanya kazi wapi? Kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani? Chini ya ardhi au juu? Vumbi la namna gani? Mlifunika pua kwa nini? Nani walikuwa pamoja nawe?» Andikeni alivyosema, na tarehe ya siku hiyo. Tunzeni kadi yake ya kazi na karatasi za mshahara mahali pakavu. Kisha mfuateni hadi kituo cha afya, mkampe mganga karatasi hiyo, mkamwombe apime makohozi na kupiga radio ya kifua. Msimwahidi mzee fedha, wala msimwahidi kwamba silikosi itapona, kwa kuwa dawa ya kuiondoa haipo. Lakini mwenye silikosi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, na kifua kikuu kinatibika. Uvimbe ulioonekana ungali mdogo una tumaini kuliko uliochelewa. Na mtu anayejua jina la ugonjwa wake haambiwi tena kwamba amerogwa.

Na ninyi mnaoshuka mashimoni leo kutafuta karo ya shule, andikeni pia majina yenu wenyewe katika daftari hilo.

Tulirudi kwa mzee wetu tukiwa na daftari. Alisema kwa saa mbili, akipumzika mara nyingi. Alitaja mashimo, miaka, rangi ya vumbi, na wenzake 11 wa zamu yake. Kati yao, alisema, amebaki yeye peke yake. Karatasi hiyo sasa iko mikononi mwa mganga, na radio imekwisha kupigwa. Tunangoja majibu. Mzee naye anangoja, lakini safari hii ameulizwa.