Kanuni za herufi katika stakabadhi za korti zinazowasilishwa mtandaoni

Mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera aliye na kesi Nairobi halazimiki tena kufunga safari ili kupeleka karatasi kortini. Mfumo wa kuwasilisha stakabadhi mtandaoni ulizinduliwa na Idara ya Mahakama jijini Nairobi mnamo Julai 2020. Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome aliuzindua kwa matumizi ya korti kote nchini. Hata hivyo, karatasi iliyoandaliwa vibaya yaweza kumpotezea mhusika muda aliouokoa.

Katika maagizo kuhusu hoja za maandishi, majaji wa Kenya mara nyingi hutaja idadi ya kurasa, aina na ukubwa wa herufi, na nafasi kati ya mistari. Agizo la kawaida ni fonti ya Times New Roman, ukubwa wa 12 na nafasi ya 1.5. Lengo ni kuwapa wahusika wote nafasi sawa, kwani anayepunguza herufi hujiongezea maneno kwa siri.

Kosa hutokea kwa urahisi. Kuanzia 2007, programu ya Word ilikuja ikiwa imetegwa kwa fonti ya Calibri, ukubwa wa 11, hadi nafasi yake ilipochukuliwa na Aptos. Mpiga chapa asiyebadilisha mpangilio huo huwa amekiuka agizo bila kujua. Penye tarakilishi isiyo na Times New Roman, Liberation Serif hufaa kuandalia rasimu: upana wa herufi zake ni sawa, hivyo kurasa haziongezeki. Nakala ya mwisho itengenezwe penye fonti iliyoagizwa.

Lugha nazo zina mahitaji yake. Kisomali, ambacho tangu 1972 huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, hakihitaji fonti maalumu. Sauti zake za pekee huwakilishwa na herufi za kawaida kama c, x na q. Kiarabu ni tofauti. Mtu anayenukuu aya au hati ya ndoa mbele ya Kadhi atumie fonti yenye herufi za Kiarabu, la sivyo maandishi yatageuka visanduku vitupu au herufi zitatengana.

Dawa ni kuihifadhi hati kuwa PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia, huku fonti zikipachikwa ndani ya faili. Hoja zisichapishwe kisha zikapigwa picha, kwa kuwa picha hairuhusu kutafuta neno. Hati ya kiapo, ambayo hutiwa saini mbele ya kamishna wa viapo, ndiyo huhitaji kuskaniwa.

Kabla ya kutuma, faili ifunguliwe kwenye simu au tarakilishi nyingine, kurasa zihesabiwe na agizo la jaji lisomwe upya. Kila agizo lina masharti yake, na hilo ndilo la kufuatwa.